Mwalimu wa Kwaya na Bwawa la Perege

Mazoezi ya kwaya yetu hayakuwahi kuisha bila nguruwe. Tungekuwa tumefika katikati ya wimbo wa matoleo, sauti ya nne wameanza kushuka vizuri, mara mlango wa kanisa unasukumwa na mtu mwenye gunia begani, na ndani ya gunia kuna kitu kinachopiga kelele kuliko sauti ya kwanza yote. Mwenye gunia hakuwa na haraka. Alisimama kule nyuma, karibu na maji ya baraka, akasubiri tumalize ubeti. Alijua kwamba Jumatano na Jumamosi jioni Mwalimu wa Kwaya hawezi kukimbia. Yuko pale, amekalia kiti cha kinanda, miguu iko kwenye kanyagio.

"Mwalimu, huyu kijana amefikisha wiki tatu."

"Ndiyo umlete kanisani, baba?"

"Nimemwambia anyamaze, hasikii."

Tulicheka. Mwalimu alifunga kinanda, akatoa wembe kwenye mfuko wa shati, mfuko uleule wa rozari, akatoka nje kumhasi. Kelele zikapanda mpaka juu kabisa, zikakatika. Baada ya dakika kumi alirudi amenawa kwa sabuni, mikono inanuka sabuni na kitu kingine, akakaa, akasema, "Sauti ya pili, pale mwisho mlikuwa mnaimba nini? Turudie."

Tulimwita Mwalimu wa Kwaya, ingawa hakuwahi kufundisha darasani hata siku moja, na sauti yake mwenyewe ilikuwa kama bawaba isiyotiwa mafuta. Kigango chetu kiko milimani, upande wa nyuma wa Mapera, ambako miteremko yote imechimbwa ngoro, yale mashimo ya mraba yaliyopangwa safu kwa safu ili mvua isiuchukue udongo. Ukiutazama mlima wetu kwa mbali unafanana na sega la nyuki. Wazee walichimba ngoro ili udongo usiondoke. Nilipokuwa nimerudi nyumbani na cheti changu cha chuo, nikisubiri ajira mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, nilianza kufikiri kwamba zinazuia na watu.

Yeye alijifunza mambo yake yote ukubwani. Kinanda alikijua akiwa amevuka miaka thelathini, kwa Sista mmoja mzee aliyekuwa na subira na fimbo. Mashine ya kusaga aliijua kwa sababu iliharibika siku ambayo fundi alikuwa kwenye msiba, na yeye hakuweza kukaa karibu na kitu kilichofungwa bila kukifungua. Kubebesha miche ya parachichi alijifunza kwenye simu ya mtu mwingine, akaharibu miche mingi, akaendelea mpaka ikashika. Kichewa alikipata redioni, maana jioni mbingu ikiwa nyeupe, milimani kwetu zinaingia stesheni za ng'ambo ya ziwa. Alikaa na redio mapajani akirudia maneno ya matangazo ya biashara, mkewe akipita nyuma yake na kusema, "Haya, leo unaniuzia sabuni gani?"

Niliwahi kumuuliza kwa nini anajisumbua. Tulikuwa tunapepeta maharage barazani kwake, na yeye alikuwa ameacha kupepeta muda mrefu, anatazama ukungu unavyopanda kutoka bondeni.

"Nikijifunza kitu," alisema, "naona kama nimefungua dirisha. Kwa siku kadhaa hewa inaingia, nalala vizuri. Shida ni kwamba watu wanaliona lile dirisha, wanaingilia humo."

Ndivyo ilivyokuwa. Kijiji chetu hakina mazoea ya kumwacha mtu na ujuzi wake. Ukijua, unaitwa, na ukiitwa unakwenda. Kukataa ni kuwatukana walioita. Aliponyoosha waya wa kwanza wa mashine ya kusaga, mashine ikawa yake kuanzia siku hiyo, ingawa si yake. Miche ya parachichi ilipostawi, kila mwenye mche alisubiri zamu. Hata Kichewa, ambacho alifikiri kimejificha vizuri, kilimtafutia kazi: wanunuzi wa maharage kutoka ng'ambo walifika mwaka mmoja, na mwenyekiti wa kijiji akamtoa shambani mikono ikiwa na udongo ili awe mkalimani siku tatu. Jioni ya siku ya tatu alirudi nyumbani amekauka koo. "Najua kuuza sabuni tu," aliniambia. "Maharage nimeyauza kama sabuni."

Mkewe alikuwa mama mwenye maneno machache yaliyochongwa. Watu wakija asubuhi kumtafuta Mwalimu, aliwaonyesha benchi. Siku moja aliwakuta watano wamekaa wanasubiri, mmoja na belti ya mashine shingoni, akachukua kigoda, akakaa mwisho wa mstari.

"Mama, na wewe unasubiri nini?" walimuuliza.

"Mlango wa jiko langu umeng'oka tangu Pasaka. Mume wangu ni kisima cha kijiji. Na mimi napanga foleni."

Usidhani kwamba alikuwa mtu wa kuonewa tu. Alilalamika kila siku kwamba hapumziki, lakini siku moja Baba yangu alipomwita fundi kutoka Kigonsera kutengeneza mashine yetu ya kumenyea kahawa, Mwalimu wa Kwaya hakutusalimu wiki nzima. Alipita njiani anatazama mawingu. Mwishowe alikuja mwenyewe, bila kuitwa, akainama juu ya mashine, akaizungusha mara moja na kusema, "Ameifunga kwa hasira." Akaifungua yote, akaifunga upya, na tulipomletea chai akanywa vikombe viwili huku anatabasamu. Nilimwona siku ile jinsi alivyofungwa. Kamba ilikuwa na ncha mbili, na moja alikuwa ameishika yeye.

Aliwahi kujaribu kuondoka. Hili alilisimulia mwenyewe, akicheka, na kila aliposimulia alicheka mahali palepale, kama mtu anayejua ngazi ipi imeoza. Zamani kidogo alipata nafasi ya kwenda kusoma muziki mwaka mmoja, mbali, chuo kikimpa chakula na kitanda. Aliipeleka barua kwa halmashauri ya kigango. Waliisoma, wakasali, wakaimba wimbo aliowafundisha yeye, kisha katekista akauliza kwa upole, "Na Krismasi atapiga nani?" Barua akairudisha mfukoni. Miaka baadaye aliomba apumzike uongozi wa kwaya, mwaka mmoja tu. Mimi nilikuwapo kikao hicho. Walimsikiliza mpaka mwisho. Mama mmoja akalia. Wakampigia makofi ya kilo, wakamshukuru kwa utumishi wake, na kabla ya sala ya kufunga walikuwa wamemchagua kuwa mwenyekiti wa ujenzi wa mnara.

Tulitoka pamoja. Tulitembea mpaka kwenye daraja la miti.

"Umeona?" aliniambia. "Nimekwenda kuomba mlango, wamenipa ukuta nikaujenge."

Mimi ndiye niliyepata faida ya madirisha yake kuliko wengi. Mwaka wa pili wa kusubiri ajira nilikuwa nimeanza kulala mchana. Mama alimwambia, na yeye akaja na sindano mbili za kufumia na bonge la uzi wa kijivu. Milimani kwetu mwezi wa saba baridi inauma, na yeye alikuwa amejifunza kufuma sweta kwa dada yake, akiwa mtu mzima mwenye ndevu.

"Nikijua kufuma watanipa ajira?" nilimuuliza. Nilikuwa na kinywa kibaya siku zile.

"Hawatakupa. Ndiyo maana nakufundisha. Jifunze kitu kisicho na cheti, binti yangu, uone unavyopumua."

Tulifuma kando ya vichanja, huku kahawa inakauka. Wanaume waliokuwa wanageuza kahawa walimtania.

"Mwalimu, unafuma vidogo hivyo, unajifungua lini?"

"Mwezi wa tisa. Nikijifungua nitakuletea wewe umlee, naona kazi huna."

"Baba wa mtoto nani?"

"Muulize mkeo."

Mlima mzima ulisikia kicheko. Lakini wiki mbili hazikuisha, mama wajawazito watatu walikuwa barazani kwake na nyuzi mkononi. Alinitazama kwa macho ya mtu aliyekamatwa. Alikuwa na msemo wake mmoja: "Ukijua kitu, kifiche kwanza." Kuufuata hakuweza. Kitu alichokijua kiling'aa usoni kwake, kila mtu akakiona.

Kimoja tu alikificha.

Ilikuwa Jumatatu, saa sita mchana, siku ambayo watu wote wako mashambani juu. Mashine ya kusaga ilikuwa imekata belti, na Baba alinituma nimwite. Mkewe alikuwa anachambua mchicha.

"Yuko bondeni anaangalia perege wake. Siku hizi anawapenda kuliko sisi."

Kwetu watu wengi wana bwawa la samaki bondeni, mahali mkondo unapotulia, limechimbwa kwa majembe na kuzungushiwa ukuta wa udongo. La kwake lilikuwa refu kuliko ya wengine, na matete yalikuwa yamelizunguka. Niliyapenya, nikaona nguo zimekunjwa vizuri juu ya jiwe, rozari imewekwa juu yake. Kisha nikaona kichwa. Kichwa cha Mwalimu wa Kwaya kilikuwa juu ya maji peke yake, kama boga. Nilitaka kupiga kelele, nikidhani ametumbukia, na hapo kile kichwa kikalala upande, mkono ukatoka majini, ukaingia, mwingine ukatoka, na mtu mzima, mzito, aliyevuka miaka hamsini, akapita mbele yangu bila sauti. Uso wake ulikuwa na utulivu ambao sikuwahi kuuona hata siku za Komunyo.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema.

Alimeza maji, akakohoa, akasimama kwa vidole akitafuta chini. "Marahaba. Geukia kule nivae."

Nikageuka. "Mwalimu, ulikuwa unafanya nini?"

"Nalisha samaki."

"Kwa kichwa?" Maana pumba za mahindi, chakula cha perege, zilikuwa zimemjaa kwenye nywele.

Alicheka, akaacha. Aliketi juu ya jiwe akavaa viatu taratibu, na akanieleza. Miezi minane sasa. Aliwaona watoto wa ziwani mwaka kwaya ilipoteremka Mbamba Bay, wanaruka kutoka kwenye miamba kana kwamba maji ni godoro, na hakuweza kuwasahau. Alianza kwa kufunga dumu tupu la lita tano kifuani. Mwezi wa pili akaliachia. Mwezi wa nne akazama hasa, akanyanyuka, akakaa hapo hapo juu ya jiwe akitetemeka, na kesho yake akarudi.

"Kwa nini kuogelea, Mwalimu?"

"Kwa sababu huku kwetu hakuna anayehitaji kuogelea. Hebu fikiri. Mito yetu inafika magotini. Nani atakuja kunigongea asubuhi, 'Mwalimu, twende ukaniogelee'?" Aliifunga kamba ya kiatu mara mbili. "Kinanda ni cha kigango. Mashine ni ya kijiji. Sweta ni za watoto wa watu. Hiki ni changu. Siku nikipata nafasi nitashuka ziwani nikae wiki nzima, niogelee mpaka nichoke, hakuna mtu ananijua. Usimwambie mtu. Hata nyumbani hawajui."

"Simwambii."

"Sema haki ya Mungu."

"Haki ya Mungu."

Nilikaa na siri ile mwaka mmoja na zaidi. Ilinipa raha ya ajabu. Jumatatu saa sita, nikiwa shambani na jembe, nilisimama kidogo kutazama bonde, nikijua kwamba kule chini, ndani ya matete, kuna mtu mmoja wa kijiji chetu ambaye kwa saa moja hayupo.

Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, maji yalikatika. Maji yetu ya bomba yanatoka kwenye banio, mto mdogo uliozuiliwa kwa ukuta wa zege juu msituni, na mbele ya ukuta pana dimbwi lenye kina cha watu wawili. Chini kabisa ya dimbwi ndipo mdomo wa bomba ulipo. Gunia la mtu lilikuwa limesombwa likanyonywa mle, likaziba. Tundu la kutolea maji dimbwini lilikwishajaa mchanga miaka mingi, hakuna aliyelikumbuka. Na ulikuwa msimu wa kahawa.

Kahawa iliyoiva haisubiri. Ukiichuma leo, leo uimenye, na ikishachacha uioshe kwa maji mengi yanayopita. Ndoo za kichwani zilitosha kupikia. Kuoshea kahawa hazikutosha. Siku ya kwanza watu walisubiri. Siku ya pili walichokonoa kwa miti mirefu. Siku ya tatu kijana mmoja alifungwa kamba kiunoni, akaingizwa dimbwini, akatolewa analia. Baba, ambaye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji, alimpigia simu mvuvi mmoja wa ziwani, naye akaahidi kuja siku ya sita. Siku ya nne nyumba zetu zilianza kunuka. Kahawa yetu, mwaka wetu mzima, ilikuwa imerundikwa chini ya majani ya migomba, inafuka moshi kama mtu mwenye homa.

Jioni hiyo tulikutana kwa babu mkubwa. Ni utaratibu wetu wa ukoo tunaouita sengu: nyumba zote huleta chakula mahali pamoja, na watu wakila yanazungumzwa mambo. Wanawake tulileta ugali na mboga. Wazee walikuwa wanazungumza bila kula.

"Huyo wa ziwani kesho kutwa atafika?" aliuliza Baba mdogo.

"Amesema akipata gari," alisema Baba.

"Kesho kutwa kahawa itakuwa pombe."

"Tena pombe isiyonyweka."

"Watu wote hawa, hakuna hata mmoja anayejua maji?"

"Tungeyajulia wapi? Kwenye ndoo?"

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimeinama nikiweka bakuli la mboga mbele ya Baba. Niliiona mikono yake. Alikuwa amekaa tangu asubuhi akimenya kahawa kwa vidole, punje kwa punje, kitu cha kijinga ambacho mtu hukifanya akiwa hana la kufanya, na kucha zake zilikuwa zimechanika.

"Mwalimu wa Kwaya anajua," nilisema.

"Anajua nini?"

"Kuogelea."

Kisha Baba mdogo akapiga paja lake. "Huyo naye! Hivi kuna kitu hajui?" Na wakacheka wote, mara ya kwanza baada ya siku nne, wakasimama hata mikono hawajanawa. Mimi nilibaki na bakuli.

Walimchukua asubuhi, jua likiwa limefika kwenye maji. Kijiji kizima kilipanda msituni. Alisimama juu ya ukuta wa zege kwa kaptula ya zamani, mwili mweupe kwa vipele vya baridi, akatazama nyuso zetu moja baada ya nyingine. Hakuuliza nani amesema. Alipofika kwangu akaacha kutafuta.

Akaingia. Mara ya kwanza alikaa chini kidogo akatoka mikono mitupu. Mara ya pili alikaa mpaka mkewe akaanza Salamu Maria kwa sauti. Mara ya tatu nilihesabu, nikapoteza hesabu, nikaanza upya, na ndipo maji yalipochafuka, bomba likakoroma kama mnyama, na yeye akaibuka amekumbatia gunia lililooza. Vigelegele vilifika bondeni. Wanaume walimvuta, wakamfunika blanketi. Midomo yake ilikuwa ya zambarau.

Mkewe alimfunga lile blanketi kwa nguvu, kama mtu anayefunga mzigo. "Kumbe," alimwambia, "nakaa nyumba moja na samaki."

Kahawa yetu iliokoka. Baba aliiosha akiimba.

Na kwa dirisha lile watu wakaingia. Siku hiyohiyo, pale pale kwenye banio, alichaguliwa kuwa mjumbe wa kamati ya maji, mhusika wa kina. Wiki iliyofuata kiongozi mmoja alikuja akahutubia kwamba kila mtoto wa milimani ajue kuogelea. Jumatatu saa sita mchana nilipita juu ya bonde: watoto walikuwa wamesimama kwenye ukuta wa bwawa na madumu yao vifuani, mama zao wamekaa kwenye matete yaliyolazwa chini, na Mwalimu wa Kwaya yumo majini hadi kiunoni, anashika tumbo la mtoto mmoja na kusema, "Usiyapige maji, hayajakukosea."

Alifundisha miezi miwili. Kisha akafungua bwawa, akawatoa perege wote, akagawa, na katika tope akapanda magimbi. Watu walimuuliza kwa nini.

"Magimbi hayahitaji mwalimu," alisema.

Hakunilaumu. Ingekuwa rahisi kama angenilaumu. Alinisalimu vizuri, alinipa nota zangu, alimletea Mama uzi. Mara moja tu, kwenye mazoezi, aliinua mikono kwenye kinanda katikati ya wimbo.

"Wewe wa sauti ya pili, siku hizi unaimba umejificha. Toa sauti. Iliyokwishatoka haifichiki tena."

Wote walidhani anazungumzia muziki. Mimi nilitoka nikaenda kulia nyuma ya mnara ambao haujaisha.

Mwezi wa pili wa mwaka mwingine ajira yangu ilitoka. Nilipangiwa shule ya ufukweni, karibu na Lipingo, na nikateremka na begi moja na sindano za kufumia. Unaposhuka kutoka kwetu, joto linakupokea kona baada ya kona, na ziwa linatokea ghafla, kubwa kiasi kwamba macho ya mtu wa milimani yanatafuta ukingo na kuukosa. Nilijifunza kula samaki kwa miiba yake, na kusalimiana na majirani Waanglikana walioniita "dada wa baridi". Kila nilipowaona watoto wakiruka majini nilimkumbuka mtu ambaye ningepaswa kuwa nimemwachia kitu kimoja.

Nikamwona mwaka jana. Parokia ya ufukweni ilikuwa na jubilei, na kwaya za milimani zilialikwa. Kwaya yetu ilifika kwenye Fuso, wamejifunga vitenge vya sare, wanaimba toka kona ya mwisho. Alishuka wa mwisho, kinanda kidogo cha betri kifuani. Alikuwa amezeeka mabegani, lakini alitembea kwa wepesi. Baada ya Misa na pilau vijana waliingia ziwani na sare zao, wale wale aliowashika matumbo, wanaogelea wanapiga kelele.

"Mwalimu, ingia!" walimwita.

"Ogeleeni. Mimi nimeshiba."

Alikaa kwenye jiwe, nami nikakaa jiwe la pili. Wanawake walikuwa wanageuza dagaa waliotandazwa kwenye nyavu. Nilimwambia maneno ambayo nilikuwa nimeyaandaa muda mrefu: kwamba niliapa, kwamba mvuvi angekuja kesho yake, kwamba nilimnyang'anya. Alinisikiliza akitazama maji.

"Mvuvi hakuja," alisema. "Gari lilikosekana siku sita. Baba yako hajakuambia?"

Hakuniambia.

"Kwa hiyo ulifanya sawa. Kahawa ingeoza. Na mimi ningekuwa najua kwamba ningeweza kuiokoa, halafu niogelee vipi Jumatatu?" Alivua kiatu, akakung'uta mchanga. "Nilikukasirikia kama miezi minne. Baadaye nikachoka."

Nikamtazama vizuri, na hapo nikaona kitu. Alikuwa na ile hali. Wanaomjua wangeiona: macho yanapotea kidogo, midomo inasogea bila sauti, kidole cha kulia kinagonga paja taratibu kikifuata jambo ambalo halikuwa wimbo. Niliijua tangu siku za redio, za uzi, za bwawa.

"Mwalimu," nikasema, "unajifunza kitu."

Kidole kikasimama.

"Nani amesema?"

"Nakuona. Unajifunza nini siku hizi?"

Alinigeukia na uso wake wote, ule uso mpana wa baba wa watu, akatabasamu mpaka mapengo yakaonekana.

"Sikuambii, mwanangu."

"Mwalimu, haki ya Mungu—"

"Najua. Na siku watu wakiumia utasema, na utakuwa sahihi tena." Akasimama, akaniwekea mkono kichwani, mzito, wa moto kwa jua. "Ndiyo maana sikuambii."

Fuso lilipiga honi. Alipanda mbele na kinanda chake, kwaya wakapanda nyuma wamelowa, wimbo ukaanza kabla gari halijang'oka. Nilisimama barabarani mpaka vumbi likatulia.

Watu wa nyumbani wananipigia simu, na baadhi wameanza kunong'ona. Wanasema Mwalimu wa Kwaya Jumatatu mchana haonekani. Hayuko kwenye mashine, hayuko kanisani, mkewe naye anasema amechoka kuulizwa. Baba mdogo alinipigia wiki iliyopita. Alianza na mvua na mahindi, kisha akafika.

"Wewe mlikuwa mnapatana naye. Huyu mzee ana nini siku hizi?"

"Sijui, Baba mdogo," nilimjibu, na nilifurahi kwamba ni kweli.